Rula ya Manjano

Yule mtu aliandika kwamba nilimficha mtoto ndani. Hiyo ndiyo nimekaa nayo. Kufiwa watu wengi wamefiwa, na mimi sikuwa wa kwanza. Ila kuandikwa kwamba mtoto nilimuua mwenyewe kwa ujinga wangu, kwa wino, na muhuri wa serikali juu yake, na mwandikaji anajua kabisa anaandika uongo, hiyo haijanitoka mpaka leo nina mvi hata kwenye nyusi.

Mimi ni Wankyo, wa Butiama, baba yangu alikuwaga na ng'ombe thelathini na kitu na roho mbaya. Shule nilienda mpaka darasa la pili, akanitoa nikachunge. Kwenye kuchunga ndiko nilijifunza kitu kimoja ambacho waliosoma hawakijui. Ndama akishikwa na ndigana baridi, ule ugonjwa wa kupe unaoleta manjano, usimwangalie ngozi. Manyoya yanaficha. Unamfungua mdomo, unabonyeza fizi kwa kidole gumba mpaka damu ikimbie, halafu unaachia kidole ukiangalia haraka kabla damu haijarudi. Ikiwa nyeupe, mwache. Ikiwa manjano, kamwite baba. Nilikuwa na miaka minane nilikuwa najua hiyo.

Nikaolewa Manyamanyama, Bunda, kwa Wasukuma, kwa kijana anaitwa Luhende. Walikuwa wanalima pamba. Mama mkwe jina lake Kija, mwanamke wa maneno mengi. Mwaka sitini na nane nikajifungua mtoto wa kiume, humo humo ndani, Kija mwenyewe ndiye alinizalisha. Akasema mtoto hatoki nje mpaka kitovu kikatike. Dirisha likazibwa na gunia la pamba. Hata kwetu ilikuwaga hivyo hivyo, sikubishana.

Siku ya tatu mtoto akalia, akafungua mdomo, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikaona. Nikambonyeza fizi na kidole. Manjano kama kiini cha yai.

Nikamwambia Kija, "Mama, mtoto anaumwa, nimpeleke kliniki kwa mganga."

"Kitovu kimekatika?"

"Bado."

"Basi anaenda wapi? Unataka watu wamwangalie na macho yao?"

Nikangoja ameenda kuchuma pamba. Nikamfunga mtoto kwenye kanga, nikapita nyuma ya nyumba kama mwizi, nikaenda.

Pale kwenye kliniki alikuwepo kijana mmoja, Silasi, mganga msaidizi. Shati jeupe, nywele amechana njia. Alikuwa ametoka semina Musoma siku si nyingi, na huko wamempa kipimo kipya, alikuwa anakitembeza mfukoni kila mtu akione. Ni rula ndogo ya plastiki, unaona upande wa pili kama kioo, imechorwa mistari mitano ya manjano. Wa kwanza hafifu, wa tano umekolea. Unaikandamiza kwenye pua ya mtoto mpaka pale panakuwa peupe, halafu unaangalia ngozi inafanana na mstari gani. Ukifika wa tatu ni hatari, mtoto anapelekwa mbali kubadilishwa damu. Hatolewi damu, hachomwi sindano. Kitu kizuri, sikatai. Kitu kizuri mkononi mwa mtu mwenye kiburi.

"Mtoto amekuwa manjano," nikamwambia.

"Nani kakwambia?"

"Nimeona kwenye fizi."

Akacheka. "Fizi? Wewe mama umeleta mtoto au ndama?"

Akamkandamiza puani. Mwanangu alikuwa mweusi tii, kama mimi. Akaangalia, akasema, "Mstari wa kwanza na nusu. Nenda nyumbani ukanyonyeshe."

"Mganga, jaribu kwenye fizi hapo hapo, ni dakika moja."

"Mama, hii nimesomea. Mzungu aliyetufundisha hakuiweka mdomoni, aliiweka puani."

Mimi baadaye nilikuja kujua hiyo semina ilivyokuwa. Mtoto waliyeonyeshwa siku hiyo alikuwa mmoja tu, mtoto wa padri wa kizungu wa madhehebu yale yanayooa, amezaliwa wiki hiyo. Pua yake nyekundu kama nyanya. Sasa kwenye pua ile kila kitu kinaonekana. Hawa vijana wetu ishirini wakaangalia, wakaandika, wakaja kutupima sisi. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza, je, na mtoto wangu mimi? Silasi alikuwa mtoto wa katekista, hajawahi kushika ng'ombe hata mkia.

Na hakuandika. Mtoto akionekana mzima walikuwa hawamwandiki kitabuni. Nikarudi, nikaingia kwa nyuma, Kija bado yuko shambani.

Siku ya tano mtoto hanyonyi. Analia sauti nyembamba kama ya paka, mgongo unajikunja kwa nyuma. Safari hii nikabeba mchana kweupe, Kija anapiga kelele nyuma yangu, Luhende na baiskeli. Silasi akapima puani. Mstari wa tatu. Nikamwona uso umebadilika. Aliniangalia, akaangalia rula, akaniangalia tena. Alinikumbuka. Mtu anayekukumbuka unamjua.

Kule mbali kwa kubadilishwa damu hatukufika. Mtoto akafa siku ya saba, asubuhi. Silasi akachukua karatasi akaandika, akamsomea Luhende kwa sauti maana mimi sikuwa mtu wa kusomewa: "Mama alimficha mtoto gizani kwa mila. Amechelewa kumleta."

Nikasema, "Nilikuja siku ya tatu. Ulimpima wewe."

Akasema, "Mama ana uchungu, mpeleke nyumbani apumzike."

Luhende akakunja karatasi akaweka mfukoni. Yule mwanaume ukimya wake ulikuwa mwingi kuliko pamba yake.

Sasa usikie ya Kija. Mwanamke aliyeziba dirisha kwa mkono wake, karatasi ilipofika nyumbani ikamfaa. Akazunguka Manyamanyama nyumba kwa nyumba, kwa Mayala, kwa Mama Kwangu, mpaka wale Waislamu wa dukani. "Nilimwambia ampeleke mtoto kwa mganga, akakataa. Hata serikali imeandika." Nikisema nilimpeleka siku ya tatu, wanauliza, karatasi yako iko wapi? Sikuwa na karatasi. Kabla mvua haijaanza nilirudishwa kwa baba, na ng'ombe za mahari zikarudi kwao, na baba akaniangalia kama nimezila mimi.

Nikakaa Butiama mwaka mmoja na nusu nikaona nitakuwa kichaa. Nikaenda Musoma. Nikapanga chumba Kamunyonge kwa mama mmoja anaitwa Kudura, Mwislamu, baba yake alikuja na biashara zamani hizo akabaki. Alikuwa dobi wa hospitali, anafua mashuka. Yeye ndiye aliniingiza kazini. Kufagia, kupiga deki, kuchemsha maji, kuosha watoto wa wodi ya wazazi. Watu waliniitaga Mama Fagio. Jina la mama nani sikuwa nalo.

Mwaka sabini na mbili nani analetwa kuwa mkubwa wa wodi? Silasi. Amesoma tena, amenenepa, sasa anaitwa Bwana Mganga na kila mtu. Akapita mbele yangu na deki iko mkononi, akasema, "Mama, hapa pamebaki matope." Hakunijua. Yule aliyenikumbuka siku mbili akanisahau miaka minne. Nikapangusa matope.

Kudura ndiye peke yake nilimwambia. Akasema, "Mwanangu, mwage na maji ya deki umwache."

"Sitamwaga."

"Utamfanya nini? Wewe ni mfagiaji."

"Nitamwangalia."

Nikamwangalia. Ile rula ilikuwa inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, kwa kamba ya bandeji. Ile ile, puani, puani, puani. Wodi yenyewe ukuta umepakwa rangi ya maziwa yaliyoungua, madirisha madogo, jioni wanawasha taa ya chemli umeme ukikatika, na taa ya chemli kila kitu kinakuwa manjano, ukuta, shuka, mpaka nesi mwenyewe. Humo ndimo alikuwa anapima. Nikiwaambia manesi huyu wa kitanda cha sita amebadilika, wanacheka. "Mama Fagio ameshakuwa daktari, atatuandikia dawa." Justina ndiye hakuwa anacheka, nesi mdogo, Mkurya, lakini naye alikuwa anaogopa.

Na watoto wakifa, kalamu ya Silasi ilikuwa inajua sentensi moja. Mama alichelewa. Kuna mtoto alizaliwa kitanda cha nne, akaumwa kitanda cha nne, akafa kitanda cha nne, hajatoka hata mlangoni. Akaandika mama alichelewa. Sasa alichelewa kutoka wapi?

Wakati huo kukaja kisomo cha watu wazima, kila mfanyakazi lazima. Saa kumi jioni tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga kidevu, mwalimu wetu Hamduni, kijana mpole mwenye chaki masikioni. Wengine walienda kwa sababu mwenyekiti wa TANU alikuwa anaita majina. Mimi nilikuwa na shida yangu. Niliandika vibaya lakini niliandika. Daftari moja nikaliweka pembeni.

Asubuhi nikiosha watoto nawatoa barazani, upande wa ziwa, jua bado dogo. Nachukua rula, naiosha na spiriti, nakandamiza puani, naandika. Naosha tena, nakandamiza kwenye fizi ya juu mpaka damu ikimbie, naandika. Namba ya kitanda, pua, fizi, na kilichompata. Nilifanya miaka mitatu, nikijua siku nikikamatwa nafukuzwa, na nikifukuzwa narudi kwa baba. Watoto mia moja na tisa. Watoto weupe kidogo, pua na fizi zinakaribiana. Weusi, pua inasema moja na nusu, fizi inasema tatu na nusu. Kumi na mmoja walikuwa hivyo. Sita wakafa, mmoja namwona mpaka leo hapo Nyasho, mkubwa, hasikii, miguu imepinda. Hawa waliokufa nilikwenda kwa Justina, nikamwambia mmoja mmoja kabla. Akaenda kwa Silasi. Silasi akasema kipimo kinasema mbili. Justina akarudi analia. Kulia kwake kulimsaidia nani?

Mwaka sabini na sita akaletwa daktari kutoka Dar, mwanamke, Dafroza, mwembamba, watu walikuwa wanamtuma maji wakidhani ni nesi mgeni. Wiki yake ya pili akanikuta barazani nina rula kwenye mdomo wa mtoto.

"Unafanya nini?"

Nikajua kazi imekwisha. Nikasema, "Napima."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna."

"Kwa nini mdomoni?"

Nikamwambia ya ndama. Sikupamba. Akachuchumaa pale sakafuni na koti lake jeupe, akabonyeza fizi ya yule mtoto kwa kidole chake mwenyewe, akaangalia. Akambonyeza pua, akaangalia. Akarudi kwenye fizi. Nikampa daftari. Alilisoma pale pale mpaka chai ikapoa ndani, na mwandiko wangu ni kama kuku ametembea.

Akasema, "Mama, hii inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa macho yako yanaona unachokitaka."

Hiyo iliniuma. Lakini ndiyo sababu nilimheshimu. Akasema tutapima watoto arobaini, na damu pia, kidogo, kisiginoni. Chupa zikafungwa kitambaa cheusi, kwa sababu mwanga unakula ile manjano njiani, zikawekwa kwenye barafu ya friji la chanjo, zikaenda Mwanza kwa basi, zinapokelewa na mtu wa maabara. Na kwenye rula akaweka sheria. Asubuhi tu, barazani tu, taa ya chemli marufuku. Mimi nasoma, naandika, nakunja karatasi. Justina anasoma, anaandika, anakunja. Hakuna kuambiana. Majibu ya damu yanakaa kwenye droo ya daktari na ufunguo, hatuyaoni.

Ilichukua miezi minne. Silasi alikuwa anapita pale barazani anasema, "Naona hospitali sasa inaendeshwa na mchunga ng'ombe." Dafroza hakumjibu. Mimi nilimjibu. Nikamwambia, "Ng'ombe wangu walikuwa wanapona."

Siku alipofungua droo akatuita wawili. Akaweka karatasi zote mezani. Fizi, macho yangu na ya Justina, zilikuwa zinakwenda na damu karibu kila mtoto. Pua ilikuwa inadanganya kwa mtoto mweusi, na inadanganya upande ule ule siku zote, chini. Ingekuwa inadanganya huku na huku mtu angeishtukia. Hii ilikuwa inasema mzima, mzima, mzima.

Justina akalia tena. Mimi sikulia. Nikauliza, "Sasa?"

Dafroza akabandika karatasi ukutani: kupima kwenye fizi, mwanga wa jua, watu wawili. Silasi akaichana. Akasema semina ilisema pua, na hawezi kuongozwa na fagio. Hapo ndipo aliponisaidia bila kujua, maana mambo yakapelekwa kwenye mkutano wa tawi wa wafanyakazi. Siku hizo za Mwongozo wa TANU mfanyakazi mdogo alikuwa na mdomo, na mkubwa alikuwa anaogopa mkutano kuliko ugonjwa. Mwenyekiti wa tawi alikuwa Salum, dereva wa ambulensi, mtu wa Bunda mjini, hana haraka.

Dafroza akasoma namba zake. Watu wakaguna. Silasi akasimama akasema yeye alifuata mafunzo, na hao watoto mama zao walichelewa.

Nikanyoosha mkono. Salum akasema, "Sema, Mama Fagio."

"Naitwa Wankyo."

"Sema, ndugu Wankyo."

Nikamgeukia Silasi. "Mwaka sitini na nane, kliniki ya Bunda, msimu wa kuchuma pamba. Mwanamke ameleta mtoto wa siku tatu. Akakwambia angalia fizi. Ukamuuliza ameleta mtoto au ndama. Ulipima wapi?"

Akasema, "Mama, watoto ni wengi, siwezi kukumbuka."

"Siku ya tano ulikumbuka. Nilikuona."

Akaniangalia sasa, mara ya kwanza tangu afike Musoma. Miaka minne nimempigia deki. Nikaona kijana wa nywele za njia ameamka ndani ya yule mnene.

Akakaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Puani."

"Na karatasi ukaandika nini?"

Salum akamwambia, "Ndugu, umeulizwa." Akasema aliandika mama amechelewa. Salum akauliza, "Alikuwa amechelewa?" Akasema hapana.

Watu wakaanza kelele, wengine afukuzwe, wengine ashtakiwe. Salum akaniuliza ninataka nini. Nikasema kazi yake sitaki, mumfukuze msimfukuze shauri yenu. Nataka aende Manyamanyama akaseme hayo maneno matatu kwa mama mkwe wangu, na kwa kila mtu aliyeambiwa.

Jumamosi Salum akatupeleka. Njiani Silasi alikaa katikati yetu, rula kaiacha Musoma, mikono haijui iwekwe wapi. Tulipopita Nyamuswa akasema, "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Niliogopa watanifunga."

Nikasema, "Mimi nilikuwa na kumi na tisa."

Akasema, "Nisamehe, mama."

Nikamwambia Salum afunge kioo, vumbi linaingia.

Kija alikuwa amezeeka, amekaa uani anachambua pamba, vidole vimekunjamana. Luhende alitoka ndani na mke wake, akaniona, akasimama hapo hapo kama mti. Nikamsalimia Kija, akaitika kabla hajajua ni mimi. Kisha nikapita kwa Mayala, nikapita kwa Mama Kwangu, nikapita dukani. Nikawaambia mama Luhende anawaita. Wakaja, watu saba nane, wengine wanadhani kuna msiba.

Silasi akasimama mbele yao. Akasema, "Huyu alimleta mtoto siku ya tatu. Nilimpima vibaya. Nikaandika uongo."

Mama Kwangu akasema hajasikia, ana sikio bovu. Akarudia. Mtu wa dukani akafika amechelewa, akauliza kuna nini, akarudia. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa imekauka. Luhende aliangalia chini. Sikumtazama sana, hakuna kitu cha kutazama.

Halafu Mayala, mzee wa watu, hakuwa na nia mbaya, akamgeukia Kija. "Mama Luhende, kama alikuja siku ya tatu, na wewe ulituambia ulimtuma akakataa, sasa siku hiyo ya tatu wewe ulikuwa wapi?"

Kija akachambua pamba. Akachambua tena, na ile pamba ilikuwa imeshasafika. Nikasimama mbele yake, kivuli changu kikamfunika mikono. Nilikuwa nimengoja miaka minane, dakika chache hazikuwa shida.

Akasema kitu kwa Kisukuma, kidogo, kwenye kifua chake. Mayala alisikia, nilimwona akishusha macho.

Nikamwambia, "Sema kwa Kiswahili, mama. Mganga naye asikie."

Akasema, "Mimi ndiye nilimkataza."